Nafasi Nne za Kudo Shigezo

Kabla hamjamhukumu Kudo Shigezo, na mtamhukumu tu, mjue kwanza kwamba hakuwa mzembe. Alikuwa mtu wa kupima mara tatu. Akifunga kamba za buti alizivuta, akazifungua, akazifunga upya. Miaka kumi na sita aliongoza kikosi cha uokoaji cha mgodi wetu wa makaa pale Hokuzan, na katika miaka hiyo yote kila aliyeshuka naye alipanda naye. Hilo silisemi kwa kusikia. Mimi ndiye niliyekuwa katika chumba cha taa. Mtu akishuka, anachukua taa yake dirishani kwangu na kuniachia kibao cha jina lake, natundika ukutani. Akipanda, ananipa taa, nampa kibao. Msumari ukibaki na kibao, kuna mtu chini.

Naitwa Tomie. Mume wangu, Ryokichi, alikuwa mmoja wa watano wa Kudo.

Watano hao kila mmoja alikuwa na lake. Kudo aliongoza. Ryokichi alibeba nyundo na machela. Nagase, fundi umeme mwembamba mwenye kikohozi, alipima gesi na kuijua njia hata gizani. Tachibana alikuwa na nguvu za watu wawili na akili ya nusu mtu, hivyo ndivyo Ryokichi alivyopenda kumtania, na Tachibana mwenyewe alikuwa wa kwanza kucheka. Wa tano alikuwa Mzee Onodera, na kazi ya Onodera, kwa mtu asiyejua, ilionekana kama kutofanya kazi. Hakubeba kitu ila saa iliyofungwa kwa uzi na kibao cha kuandikia. Kila dakika kumi alipita kwa kila mmoja, akasoma geji ya mtungi wake wa hewa, akaandika. Mwenye hewa ndogo kuliko wote ndiye aliyeamua safari ya wote. Hewa ya huyo ikifika alama, Onodera alisema neno moja tu, "Turudi," nao wakageuka, hata Kudo, hata kama mtu waliyemfuata walikuwa wakiuona mkono wake.

Na iliwahi kuwa hivyo hivyo, mwaka wa themanini na moja. Waliuona mkono, Onodera akasema turudi, wakarudi. Waliposhuka tena na mitungi mipya mtu yule alikuwa ameshakata roho. Mjane wake alimtemea Onodera mate mbele ya duka la tofu, watu wakitazama. Onodera alijifuta uso, akanunua tofu yake, akaenda nyumbani.

Sasa huo mchezo. Kikosi cha uokoaji kikiwa zamu hakiruhusiwi kwenda popote. Kinakaa karibu na simu na kungoja balaa. Chumba chao kilikuwa nyuma ya changu, tukitenganishwa na kidirisha cha kusukuma, kwa hiyo niliona yote na kusikia upuuzi wote. Walicheza karata mpaka karata zikachakaa. Halafu siku moja Nagase akaja na mashine ya gemu kwapani.

"Mke wangu ameitupa nje kwenye theluji," alisema. "Eti watoto hawasomi."

"Na wewe ulisoma lini?" Ryokichi akamuuliza.

Waliifunga kwenye televisheni ya zamu. Kaseti ilikuwa moja tu, ya mambo ya mapanga na uchawi. Unaanzia mjini, mfalme anakutuma ukaue kitu kibaya kilicho chini ya ardhi, nawe unaingia kwenye baa kuchagua watu wa kwenda nao. Unawapa majina na kazi. Baa inapokea watu wengi, lakini wanaotoka nje ni wanne tu. Wao walikuwa watano. Kwa hiyo waliandikisha majina yao wenyewe, na ikawa desturi kwamba yule ambaye zamu hiyo amebaki kwenye baa ndiye anayepika chai.

"Ryokichi mpe nyundo," Nagase alisema siku ya kwanza.

"Hata humu nibebe nyundo?"

"Ulitaka ubebe maua?"

Tachibana walimfanya mpiganaji. Nagase alikuwa mchawi, kwa sababu anajua umeme. Kudo alishika upanga na kwenda mbele. Onodera wakamfanya mganga, anayetibu majeraha, na ambaye akikomaa hujua dua moja ya kuwatoa wote pangoni kwa mara moja na kuwasimamisha juani. Lakini mganga ni dhaifu. Konokono mmoja mkubwa alikuwa akimpiga kibao, basi, anageuka jeneza, maana gemu ile huonyesha wafu hivyo.

"Mzee, umekufa tena!" Tachibana alipiga kelele.

"Nimezoea," alijibu Onodera bila kuinua macho kwenye gazeti. "Nifufueni kabla ya chai."

Tulicheka sana mwaka ule. Naikumbuka kelele ya vicheko ikipenya kidirishani wakati napangusa taa.

Barua ya kampuni ilikuja Februari. Njia za magharibi zimeshafungwa, ilisema, wachimbaji wamepungua, basi kuanzia Aprili kikosi cha zamu kitakuwa cha watu wanne. Msimamizi akamwambia Kudo, "Chagua wewe, unawajua watu wako." Akaondoka, maana hao wakishakutwisha mzigo hawakai kukusaidia kuubeba.

Kudo alikonda. Alikuja chumbani kwangu kuomba chai na kusahau kuinywa. Tangu hapo ndipo alipoacha kucheza gemu kama mchezo. Kila asubuhi, wenzake wakiwa uwanjani wanafanya mazoezi ya kamba, alikaa peke yake mbele ya televisheni na daftari gotini. Kulikuwa na pango moja kule kaskazini mwa jumba la mfalme, ngazi nane kwenda chini, na chini kabisa mlango unaolindwa. Alikuwa akilishuka na watu wanne, akipanda anaandika. Kisha anamwacha mwingine kwenye baa, analishuka tena.

"Bila Nagase tunapotea," aliniambia kupitia kidirisha, kana kwamba nimemuuliza. "Bila mumeo tunakwama ngazi ya tano, hakuna wa kuvunja. Bila Tachibana tunafika, lakini tumechelewa mno."

"Na bila Mzee?"

"Bila Mzee tunafika nusu ya muda." Alitazama daftari. "Na tunarudi. Mara saba sasa."

Sikupenda jinsi alivyosema "tunarudi." Lakini ni gemu, nikajiambia, mtu mzima na gemu yake, ana mzigo, mwache.

Siku moja nilisukuma kidirisha kumpa tonge la wali na figili za chumvi. Televisheni ilikuwa imegeuka nyekundu. Majina yote manne yalikuwa mekundu, rangi ya waliokufa, na majeneza manne yamepangwa kwenye ngazi ya saba. Kudo alinyoosha mkono, akapiga swichi. Kioo kikawa cheusi. Sharti la mashine ile lilikuwa hili: ukitaka mfalme ayahifadhi uliyofanya, lazima ubonyeze kitufe kingine kwanza, ukishikilie, ndipo uzime. Ukizima tu, yaliyotokea hayakutokea. Unaamka mjini na watu wako wote wazima.

Aligeuka, akaniona.

"Hiyo haihesabiki," alisema. "Nilikosea kidole."

Mimi nikacheka. Nilisema, "Bwana Kudo, kama maisha yangekuwa na swichi hiyo, mimi ningeanzia siku ya harusi yangu!" Naye akacheka, nikampa tonge lake, akaliweka juu ya daftari. Hayo ndiyo maneno yangu. Sijawahi kuyasema kwa mtu mpaka leo.

Kisha nikamwona akizima tena Jumatatu. Na Jumatano mara mbili.

Mwisho wa Machi aliwakusanya. Hakuzunguka. Alisema magoti ya Mzee yamechoka, jambo ambalo lilikuwa kweli, na kwamba kampuni itampa kazi ya kukaa, katika chumba cha taa, pamoja nami. Onodera aliinamisha kichwa kwa heshima kama mtu aliyeambiwa habari za hali ya hewa.

"Sawa, kiongozi. Ila nani atasema turudi?"

"Geji kila mtu anayo kifuani," Kudo alijibu. "Sote tuna macho."

"Macho mnayo," alisema Onodera. Halafu akamgeukia mume wangu. "Wewe Ryokichi. Unapumua kwa pupa. Wenzako wakiwa nusu, wewe umeshakwisha. Mimi siku zote nilikuwa naanzia kwako."

"Mzee, unaniaga kama nakwenda vitani," Ryokichi alimtania. "Muulize Tomie, hata usingizini napumua kama mbwa aliyetoka mbioni, na bado niko hai."

Ni kweli. Miaka ishirini na mbili nililala kando ya pumzi ile, na nilikuwa nikimpiga teke apunguze.

Moshi ulionekana Alhamisi ya pili ya Oktoba, saa nne kasoro dakika ishirini asubuhi, ngazi ya pili, kwenye chumba cha pampu. Wachimbaji walipanda mbio wakikohoa, nikawa nawapa vibao vyao kwa mikono miwili, na walipokwisha ukutani vilibaki vibao viwili, vya watu wa pampu. Saa nne na dakika tano wanne wakaja dirishani kwangu, mitungi mgongoni. Kudo alinipa kibao, Nagase, Tachibana, kisha Ryokichi. Hatukuagana. Hatukuwa na desturi ya kuagana dirishani; tuliamini kuaga ni kuyaita mauti. Alinigusa tu kidole wakati wa kupokea taa.

Onodera aliacha kupangusa vioo. Alitoa saa yake yenye uzi, akailaza juu ya meza yangu, akavuta karatasi. Ilipofika saa nne na robo akaandika majina manne na tarakimu mbele ya kila jina.

"Unaandika nini, Mzee? Huwaoni."

"Nawajua," alisema.

Aliandika tena baada ya dakika kumi, na tena. Nje watu walikuwa wamejaa, lakini mimi nilisikia saa ile tu. Mke wa mmoja wa wale wa pampu alikuwa amekaa sakafuni mlangoni kwangu, ameshikilia sanduku la chakula la mumewe alilolisahau asubuhi. Nilikuwa namwonea huruma, aibu iliyoje, mimi nikimwonea yeye.

Saa tano kasoro dakika tano Onodera alisimama. Magoti yakalia. Akasema kwa sauti kamili, ile sauti ya kupenya barakoa, akiitazama karatasi.

"Turudi."

Nikashtuka. "Unasema na nani?"

Alikuwa ameweka kidole kwenye jina la Ryokichi. Alingoja, kana kwamba kuna watu wa kugeuka. Saa tano na dakika tano akasema tena, "Turudi." Na robo ilipopita akasema tena, na mara hii sauti ilimkatika. Nilimshika mkono nikamwambia anyamaze, nikamwambia kwa ukali ambao sijawahi kumsemesha mkubwa wangu nao. Akakaa. Hakuandika tena mbele ya jina la mume wangu. Aliendelea na yale matatu.

Simu iliita saa sita kasoro dakika kumi. Ilikuwa sauti ya Nagase. Alisema wamempata mmoja hai. Alisema wanapanda. Nikamuuliza mko wangapi. Akakohoa, akakohoa sana, akakata.

Walipanda watatu, na Tachibana amembeba mtu wa pampu mgongoni kama gunia. Huyo yuko hai hadi leo, ana wajukuu, na mkewe, yule wa sanduku la chakula, tukikutana huinama mpaka paji la uso linakaribia magoti, na mimi huinama pia, maana nifanyeje. Mwenzake walimkuta ameshakufa. Mambo yalikwenda hivi, Nagase alinieleza baadaye: walipofika mlango wa chumba cha pampu palikuwa pameporomoka. Tachibana akasema, "Naiona miguu, bado kidogo tu." Kudo akatazama geji yake, ilikuwa zaidi ya nusu. Akasema, haya, kidogo tu. Wakachimba. Ryokichi alikuwa nyuma kabisa na machela, akipiga nyundo kwa zamu yake, akipumua kwa pupa yake. Hakuna aliyekuwa na kazi ya kumtazama. Walipogeuka na mgonjwa wao wakamkuta amekaa, ameegemea ukuta, nyundo mapajani, kama anayepumzika.

Kudo alikuja dirishani kwangu na taa nne. Nilimrudishia vibao vitatu. Cha nne nilikaa nacho mkononi mpaka nyumbani.

Siku ya arobaini na tisa tangu kifo, ambayo kwetu ndiyo ya kuhitimisha matanga, jamaa walipokwisha kuondoka na ubani ulikuwa bado unafuka mbele ya picha ya Ryokichi, Kudo alikuja peke yake na mzigo uliofungwa kwa kitambaa cha zambarau. Alipiga magoti kwenye mkeka, akagusisha kichwa chini, na hakukiinua.

"Bi Tomie. Kuna jambo sikuwaambia wenzangu."

"Inua kichwa."

Hakuinua. "Kwenye daftari niliandika mara kumi na moja. Bila Mzee Onodera, tumeshuka, tumerudi, mara kumi na moja. Niliwaonyesha hata Nagase na Tachibana, wakaridhika." Alikuwa akisemea mkekani, paji bado chini. "Lakini tulikufa mara tisa. Zile tisa nilizizima. Nilikuwa nasema nimekosea kidole, nimekosea njia, kesho nitakuwa makini. Nilikuwa naamini, Bi Tomie. Nilikuwa naona kumi na moja tu."

Nilikuwa nimemwandalia matusi. Siku arobaini na tisa nilikuwa nikiyanoa: mwuaji, mtu mzima unayepima roho za watu kwa midoli. Yalikuwa mdomoni. Lakini yaliyotoka yalikuwa mengine.

"Najua," nilimwambia. "Nilikuona. Nilisimama pale dirishani nikakuona, na nikacheka."

Ndipo alipoinua kichwa. Tulitazamana. Nilimchukia, na nilijichukia, na hakukuwa na mtu mwingine duniani ambaye angenielewa kama yule niliyekuwa namchukia. Chai ilikuwa imepoa. Nilimmiminia hivyo hivyo, akainywa yote.

Aliuacha mzigo. Sikuufungua. Majira ya kuchipua mgodi ukafungwa, watu wakatawanyika, Kudo akaenda kuishi kwa binti yake Sapporo. Vumbi la makaa lilimmaliza mapafu baada ya majira mawili ya baridi. Binti yake aliniandikia kwamba mwishoni alikuwa akiomba watu waliokaa chumbani watoke mmoja baada ya mwingine, akiwahesabu. Wakitoka wote anatulia.

Siku niliyopokea barua hiyo nilikifungua kitambaa cha zambarau. Ilikuwa ile mashine, na kaseti yake, na daftari. Nagase, aliyekuwa bado anaishi mtaa wa pili, alikuja kunifungia waya kwenye televisheni, akanionyesha kitufe cha kushikilia kabla ya kuzima, akaondoka haraka bila kukaa. Theluji ilikuwa imeanguka alfajiri yote, na sasa saa nne jua lilikuwa linaipiga mpaka chumba kizima kimekuwa cheupe.

Nilifungua daftari kwanza. Kurasa za mwanzo zilikuwa kama alivyosema. Bila Nagase. Bila Ryokichi. Bila Tachibana. Bila Onodera, Bila Onodera, Bila Onodera. Kando ya hizo kumi na moja alikuwa ameongeza kwa wino mwekundu zile tisa, kila moja mahali pake na ngazi waliyofia. Nikafunua ukurasa wa mwisho. Tarehe ilikuwa ya siku moja kabla ya ile ya arobaini na tisa, aliponiletea mzigo. Mstari mmoja tu.

"Bila Kudo. Mara moja. Polepole. Wote wamerudi. Sikuzima."

Nikawasha mashine. Muziki wa tarumbeta ukalia, kiti cha mfalme kikatokea, na mbele ya mfalme walikuwa wamesimama watu wanne wadogo kwa mstari. Niliyasoma majina taratibu. Ryokichi mbele, na nyundo yake. Nyuma yake Onodera. Kisha Nagase, kisha Tachibana. Hakuna jina jekundu. Nilibofya bofya bila kujua mpaka nikafika kwenye baa, na pale kwenye orodha ya wanaongoja kulikuwa na jina moja.

Wiki zote zile za kuchagua, Kudo alijaribu kumtoa kila mtu. Mwenyewe hakuwahi kujitoa, wala hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza. Nilimlilia Kudo pale, kwa mara ya kwanza.

Halafu ilikuwa saa ya kupika. Nilikumbuka alichonionyesha Nagase: bonyeza hiki, shikilia, ndipo uzime. Nikaweka kidole. Ryokichi alikuwa pale amesimama mlangoni mwa baa, anakanyaga miguu papo hapo kama wanavyofanya watu wa gemu wakingoja uwaambie pa kwenda. Sikuuamini mkono wangu usije ukakosea kidole. Niliiacha mashine inawaka, nikaenda jikoni kuosha mchele.